Kushusha gari bila kuumiza mgongo: ununue nini

Pengo kati ya tairi na fenda likikukera, usikimbilie springi fupi kuliko zote. Gari lililoshushwa hutesa hasa kwa sababu shokapu imebakiwa na nafasi ndogo ya kuzama. Kama fimbo yake ilikuwa na milimita 60 kabla ya kugonga raba ya kizuizi, ukishusha 40 zinabaki 20 hivi. Hapo hata shimo dogo linagonga kama nyundo.

Kwa gari la kila siku, namba moja ni seti ya springi zinazoshusha milimita 25 hadi 35 pamoja na shokapu fupi zilizotengenezwa kuendana nazo. Gari linapata umbo, na abiria wa nyuma hanung'uniki.

Namba mbili ni koiliova, yaani shokapu na springi yake katika kifaa kimoja chenye nyuzi za skrubu za kurekebisha kimo. Chagua zile zinazorekebishwa kimo kwa kuzungusha kikombe cha chini kinachoshika shokapu, maana safari ya shokapu (nafasi yake ya kuzama) haipungui (ila hakikisha tairi haigusi fenda gari likizama). Zinazoshusha kwa kusogeza sahani inayokaliwa na springi peke yake zinaila safari hiyohiyo. Nyuzi zake zisafishwe na kupakwa grisi, la sivyo kutu itazigandisha.

Mifuko ya hewa inayochukua nafasi ya springi ni laini, na unaweza kulipandisha gari kabla ya tuta. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya matunzo: kompresa, tangi, vali na mipira, na kila kiungo kinaweza kuvuja. Maji ya sabuni yatakuonyesha panapovuja.

Ya nne ni springi fupi juu ya shokapu za zamani. Shokapu iliyochoka haiwezi kuituliza springi ngumu, kwa hiyo gari linadundadunda.

Kukata springi hakumo kwenye orodha. Gurudumu likining'inia, springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Kuipasha kwa gesi ni kubaya zaidi, kwani chuma kinapoteza nguvu.

Rimu kubwa nazo zinadanganya. Kutoka tairi ya 205/55R16 (upana milimita 205, ukuta asilimia 55 ya upana, rimu ya inchi 16) kwenda 225/40R18, kipenyo cha tairi kinaongezeka milimita 5 tu, lakini ukuta wake unashuka kutoka 113 hadi 90. Pengo karibu halikupungua, na ulaini umeondoka. Kwa wengi, 225/45R17 inatosha.

Kabla ya kufungua chochote, pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa fenda. Ukipimia chini, upepo wa tairi utakuchanganya. Bolti za bushi (raba za viungo) za mikono inayoshikilia magurudumu zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa kwenye jeki, raba inabaki imejipinda na itapasuka mapema. Springi zikishakaa, baada ya siku chache, fanya alaimenti, vinginevyo tairi italika upande wa ndani. Rekebisha na taa za mbele.

Kisha funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye fimbo ya shokapu, chini kabisa, uendeshe njia yako ya kawaida siku nzima. Ukiikuta imesukumwa ikagandamizwa kwenye raba, umeshusha mno. Mwenye koiliova za kusogeza sahani apandishe milimita 10 na kupima tena; kwa zile za kikombe, kupandisha hakuongezi safari ya shokapu. Mwenye springi atafute zinazoshusha kidogo.