Simu ya mezani ya ofisini hapa Dodoma: ipi ununue na ipi uiache palepale dukani

Meseji zimekuwa nyingi mpaka nimeona niandike tu. Tangu nilipoongelea UPS za ofisini, zile betri za akiba umeme ukikatika, watu wananiuliza simu za mezani, na hizi za karibuni karibu zote ni malalamiko yanayofanana. Dada mmoja ana ofisi ya mambo ya viwanja kule Kisasa, kauziwa simu isiyo na waya, seti ya mikono mitatu, inapendeza kwelikweli, kaichomeka tu adapta ikatoa moshi. Kaka mwingine wa Area C yake inapiga na kupokea vizuri, ila fundi wa mtandao aliyekuja kwa kazi nyingine akaigeuza, akasoma chini yake, akamwambia chomoa hii kitu kabla hujatafutwa. Nikawaomba wote wanitumie picha ya boksi na ya kile kibandiko cha chini. Maandishi ni yaleyale: DECT 6.0.

Kwa hiyo leo sitaongelea rangi, milio wala ukubwa wa kioo, hayo mtayaona wenyewe dukani. Naongelea masafa, yaani mawimbi ya redio ambayo simu inaongelea, kitu ambacho hakuna muuzaji hata mmoja aliyewahi kunitajia bila mimi kuuliza.

Ipo hivi. Simu zisizo na waya za mfumo wa DECT, zile za Ulaya ambazo ndizo zinazotakiwa kwa upande wetu huu wa dunia, zinaongea na kitako chake, kile kiboksi kinachochomekwa kwenye waya wa simu, kwa masafa ya 1880 mpaka 1900 MHz. Marekani walizitengea sehemu nyingine, 1920 mpaka 1930 MHz, na wakazipa jina la kibiashara DECT 6.0. Ile sita haina maana kwamba ni toleo la sita au ni ya kisasa zaidi, ila ndivyo mnavyoambiwa dukani, "hii mpya dada, hizo zingine za zamani", na watu wanalipa zaidi kwa ajili ya hiyo sita.

Sasa huku kwetu 1920 mpaka 1980 ndiyo njia ambayo simu za mkononi za 3G zinapeleka sauti na data kwenda mnarani. Mnara unasikiliza hapo muda wote, unatafuta simu dhaifu ya mtu aliyeko mbali, labda yuko ndani ya nyumba ya tofali na bati kule Nkuhungu, halafu wewe umeweka dirishani kitako cha simu ya Marekani kinapiga kelele kwenye njia hiyohiyo. Na ubaya wake wewe mwenyewe hutaona kitu! Simu yako inaita safi, unaongea safi, anayeumia ni jirani ambaye simu inakatikakatika na anailaumu kampuni ya simu. Ndiyo maana huu ugonjwa hausemwi, aliyenunua hana cha kulalamikia mpaka siku mafundi wa mtandao wapite mtaani na antena yao wakitafuta kelele inatoka wapi, na wakiitafuta wanaipata.

Kuitambua ni rahisi, usione aibu kuigeuza mbele ya muuzaji. Boksi au kibandiko kikisema DECT 6.0, iache. Angalia adapta, ikiandikwa 120V 60Hz peke yake hiyo imetengenezwa kwa umeme wa Marekani, sisi wetu ni 230V 50Hz, ndiyo ule moshi wa Kisasa. Kuna wauzaji wanakupa na kile kiboksi cha kushusha umeme, wanakuhesabia kama zawadi, lakini kinaokoa adapta tu, masafa yanabaki yaleyale. Kingine, utakuta alama ya FCC bila CE ya Ulaya, na hapa nimeshabishana na kijana wa duka karibu na soko la Majengo ananiambia FCC ndiyo hawa hawa wetu wa Tume ya Ushindani wameipitisha. Hapana jamani, hiyo ni FCC ya Marekani, inahusu kule.

Wa kwetu ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka kifaa cha mawasiliano kiwe kimeidhinishwa na TCRA ndiyo kiingie sokoni na kuunganishwa kwenye mtandao, iwe simu ya waya, isiyo na waya, ya laini au PABX nzima, ule mtambo wa kugawa simu ofisini. Chukua namba ya modeli, yote mpaka herufi za mwisho, kwa sababu modeli ya Marekani na ya huku mara nyingi zinatofautiana hapo mwishoni tu, kisha uliza. TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa Dodoma, huhitaji kusafiri. Anayeuza vifaa hivi na anayekuja kuvifunga nao wanatakiwa wawe na leseni ya TCRA, muombe akuonyeshe, akianza kuzungukazunguka umeshapata jibu.

Haya, tuje kwenye kununua.

Ya kwanza: Panasonic ya waya, KX-TS500

Mimi Panasonic naipenda na sifichi. Nimezikuta kwenye masijala za ofisi za zamani pale mjini, zimebadilika rangi kutoka nyeupe mpaka ya chai, vitufe vimefutika namba, na bado zinaita. KX-TS500 haina adapta, inakula umeme wa waya wa simu wenyewe, haina kioo, ina ridayo (kurudia namba ya mwisho) na fleshi, basi. Hiyo fleshi ndiyo unayoihitaji kwa kuhamisha simu kwenye PABX. Kwa kuwa haina redio ndani, hili suala la masafa haliihusu kabisa, na kwa vumbi letu la kuanzia mwezi wa nane pale upepo unapoanza kuvuruga, unaifuta na kitambaa chenye unyevu kidogo siku inaendelea.

Jambo moja watu hawaliangalii. Zamani waya wa shaba wa TTCL ulikuwa unaleta na umeme kutoka kituoni, kwa hiyo umeme ukikatika simu ya mezani inabaki hai. Sasa ofisi nyingi zimehamia faiba, simu unaichomeka kwenye kile kiboksi cha faiba ukutani, na kiboksi kinategemea umeme wako. Umeme ukienda, na simu imeenda, hata iwe Panasonic. Chomeka kile kiboksi kwenye UPS, kinakula umeme kidogo sana, UPS ndogo inakibeba muda mrefu kuliko unavyodhani.

Bosi akitaka kutembea na simu basi KX-TGB110, hiyohiyo Panasonic, DECT ya 1880 mpaka 1900. Inatumia betri ndogo mbili za AAA za kuchajiwa. Zikichoka, nunua za kuchajiwa tena. Nimeona ofisi wameweka betri za kawaida za rimoti halafu wanaikalisha kwenye chaja, hilo ni jambo la hatari, betri za kawaida zikichajiwa zinavuja na zinaweza kupasuka.

Ya pili: simu ya IP, Yealink T31P

Hii ni kwa ofisi yenye mtandao wa uhakika na watu wengi. Inachomekwa kwenye waya wa intaneti, ukiwa na swichi ya PoE, ile inayopitisha umeme kwenye waya uleule wa intaneti, haihitaji adapta kila meza, unaweka UPS kwenye swichi, kwenye kiboksi cha intaneti na kwenye mtambo wa simu, na jengo zima linabaki na simu. Sauti yake nzuri kuliko zote hapa, hilo nakubali hata mimi wa Panasonic. Simu za kampuni ya Grandstream nazo ziko sawa.

Ila nenosiri la kiwandani libadilishwe siku hiyohiyo, la kila simu na la mtambo wenyewe. Mtambo wa IP ulioachwa wazi kwenye intaneti unatafutwa usiku na mchana na watu wa nje, wakiingia wanapiga simu za kimataifa kwa jina lako usiku kucha na bili inakuja kwako. Mwambie fundi afunge simu za nje ya nchi kwa meza ambazo hazizihitaji. Na namba za nje chukua kwa mtoa huduma mwenye leseni, achana na jamaa anayekuuzia geitiwei, kile kiboksi cha kuchomeka laini nyingi, akikuambia utapunguza gharama za kimataifa. Kupitisha simu za kimataifa kwenye laini za kawaida ni kosa, watu wamefikishwa mahakamani kwa hilo, na TCRA wana mtambo wa kufuatilia trafiki ya simu tangu 2013.

Ya tatu: simu ya mezani ya laini

Hizi ndizo zimejaa mjini, unaweka laini ya kawaida, inakaa mezani kama ya TTCL. Kwa ofisi ya kupanga, leo uko Ilazo mwakani Nzuguni, inafaa. Tafuta ya 4G, za 2G peke yake sitakushauri uzinunue leo. Uliza pia kama imefungwa kwa mtandao mmoja.

Na hii ina IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, kama simu ya mkononi! Watu wanasahau. Bonyeza *#06#, pata namba, itume kwenda 15090, jibu linakuja na aina na modeli. Likitaja simu ya kampuni nyingine kabisa, mrudishie muuzaji kabla hujatoka mlangoni. Simu bandia zilizimwa tarehe 16 Juni 2016 na mitambo iliyozizima haikuondolewa.

Laini sajili kwa jina la kampuni. Nawasihi sana hapa. Ofisi nyingi laini ya mapokezi imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha sekretari, kwa alama zake za vidole, siku anaacha kazi namba iliyoko kwenye bango, kwenye barua na kwenye magari bado iko kwa jina lake. Na yeye huku anabaki na mzigo, mtu akitumia hiyo laini vibaya anaulizwa yeye. Wewe sekretari unayesoma hii, piga *106# leo uone laini ngapi ziko kwa jina lako.

Za bei ndogo

Zile zisizo na jina, au jina linalofanana na Panasonic ila herufi zimepinda. Za waya unaweza kununua kwa mlinzi getini. Zisizo na waya usinunue.

Ukishaifunga

Vitu viwili tu. Ofisi yenye PABX ambayo lazima ubonyeze 9 kutoka nje, mwambie fundi afungue 112 ya polisi na 114 ya zimamoto zipigike moja kwa moja, bila 9 na bila nywila, kwenye kila ekstensheni. Mabosi wanafunga simu za nje kwa ajili ya gharama, sawa, lakini moto ukiwaka stoo yule wa usafi aliyeko peke yake jioni hajui 9 yako.

Pili, simu zinazorekodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, sauti ya mteja na namba yake ni taarifa zake. Mwambie mwanzoni kwamba unarekodi na kwa nini, na ofisi yako ijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kurekodi kimyakimya usifanye.

Kuhusu bei

Hapa ndipo roho inaniuma. KX-TS500 hiyohiyo, boksi lilelile, duka moja nimetajiwa 80,000, barabara inayofuata 145,000, na nilipotaja kwamba nataka proforma ya ofisi ikapanda tena. Tangu serikali ihamie huku wauzaji wengine wanaona kila anayeuliza ni wizara. Kijana mmoja aliniambia wazi bei ya Mtumba, kule kwenye wizara, na bei ya mwananchi ni tofauti. Wanasema ni usafiri kutoka Kariakoo, usafiri gani unaongeza 65,000 kwenye simu inayoenea kwenye mfuko wa rambo? Treni ipo, mabasi yapo, kifurushi kinafika siku hiyohiyo. Halafu ukitaka risiti ya EFD wanakuongezea bei tena, kana kwamba risiti ni bidhaa nyingine. Bila risiti huna pa kurudishia simu yenye DECT 6.0, na wanalijua hilo vizuri.

Ninyi wa manunuzi mnaopitisha kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali, andikeni kwenye vigezo kabisa: masafa 1880 mpaka 1900 MHz, adapta 230V, kifaa kiwe kimeidhinishwa na TCRA na modeli itajwe. Mkiandika tu "simu isiyo na waya, yenye ubora" mtaletewa kontena la Marekani na mtalazimika kulipokea.

Na wewe ambaye tayari unayo ya DECT 6.0, chomoa kitako, toa betri kwenye mikono yote. Usimpe dereva akatumie nyumbani, masafa ni yaleyale huko nyumbani kwake. Kama una risiti, rudi nayo dukani na picha ya kibandiko, wakikataa peleka malalamiko TCRA Kanda ya Kati ukiwa na jina la duka, risiti na modeli.