Besiboli ya watoto: uwanja wa Mpigi au kiwanja cha shule?

Mpigi, kwenye barabara ya Masaka, kuna uwanja uliojengwa mahsusi kwa besiboli. Huko vipimo havikupi kazi. Mzigo ni nauli ya familia nzima kutoka Kampala, na ruhusa iombwe mapema.

Kwa mtoto anayeanza, kiwanja cha mpira cha shule ya jirani kinafaa zaidi, mradi uje na futikamba. Besi ni vituo vinne vya mkimbiaji kwenye pembe za mraba: besi hadi besi ni mita 18.3, mrushaji hadi besi ya nyumbani (anaposimama mpigaji), mita 14. Pima pia kutoka besi ya nyumbani hadi besi ya pili, iliyo pembe ya mkabala: usipopata mita 25.9, pembe zimekwenda upande. Kagua ardhi kwa miguu, maana changarawe moja tu huurusha mpira usoni mwa mtoto. Pasipo wavu nyuma ya mdakaji (anayedaka mpira nyuma ya mpigaji), wazazi wasikae hapo.