Fundi wa taa za gari Kizota, Dodoma: halojeni za 18,000 zimezishinda LED kwenye Probox yangu

Wakuu nianze na jibu kabisa kwa asiye na muda. Kama gari yako inatumia globu za H4 (globu moja yenye dimu na fulu ndani yake), yaani Probox, Hiace na jamii yake, na unachotaka ni kuona barabara usiku, hizo LED za elfu sitini mpaka laki ziache dukani. Nenda kwa fundi umeme mmoja yuko kwenye yadi ya gereji pale Kizota, ukiulizia tu fundi wa taa unapelekwa, mwambie akuwekee halojeni za kawaida za 60/55W za kampuni inayoeleweka, akufungie rilei (swichi ndogo ya umeme inayobeba mzigo wa taa), apolishi lenzi halafu asete taa, yaani azielekeze vizuri akipimia ukutani. Mi kanifanyia vyote kwa 116,000 na kwa kazi yenyewe nampa nyota tano, yanayokera nitayasema huko chini.

Gari nimeinunua ikiwa tayari na LED, aliyekuwa nayo mwanzo ndo aliziweka. Ukiwasha mbele ya geti ukuta unakuwa mweupe peee na kila anayepita anasifia. Shida inaanza ukitoka mjini. Njia ya Morogoro, ukishaiacha Ihumwa na Mtumba giza ndo linaanza lenyewe, na kule kuelekea Mbande na Kibaigwa unaona vizuri kabisa majani ya juu ya miti, unaona kibao cha spidi kinang'aa, lakini lami yenyewe mbele imefifia, na pembeni kushoto ambako ndo kuna mtu wa baiskeli kapakia magunia mawili ya mkaa bila hata kireflekta cha nyuma, huoni kitu mpaka uwe umemfikia. Na hapo uko kwenye dimu, lakini kila semi inayokuja inakupiga fulu kwa hasira maana wewe unamchoma macho. Tangu 2023 mabasi yaruhusiwe kutembea usiku barabara hiyo haipumziki, kwa hiyo kuumizana macho sio jambo dogo, mtu akipofuka sekunde mbili tu kwa spidi ya 80 keshatembea zaidi ya mita 40 bila kuona. Kipindi cha upepo ndo balaa zaidi, vumbi likitanda ule mwanga unaopanda juu unarudi wote kwako, unakuwa kama unaendesha ukiwa umejifunika shuka jeupe.

Fundi kaziangalia hata hajauliza bei zake. Akaniambia, "Kaka, mwanga zinao mwingi tu, ila taa ya gari hii haikutengenezwa kwa ajili yake." Halafu akatoa globu ya H4 kwenye boksi, kaishika kwenye kitako cha chuma wala vidole havigusi kioo, akainyanyua juani nione ndani. Kuna nyaya mbili nyembamba sana zimesokotwa. Ule wa mbele una kibati kidogo kimepinda chini yake, huo ndo wa dimu, na kibati kazi yake ni kuzuia mwanga usishuke, upige nusu ya juu ya reflekta (kile kioo cha ndani ya taa kinachorudisha mwanga mbele) peke yake, na hiyo nusu ya juu ndo inautupa chini kwenye lami. Ule wa nyuma hauna kibati, ndo fulu, unapiga reflekta nzima na mwanga unaenda mbali. H4 iko hivyo tangu 1971 ilipoanza, na kila mkunjo wa reflekta umepimwa kwa waya mwembamba kiasi hicho ukiwa mahali hapo hapo. Sasa LED ya kuchomeka ina vichipu vimebandikwa pande mbili za bapa la chuma lenye unene wake, hata wakiiga kibati chanzo cha mwanga kimeshahama, na kosa la milimita moja tu ndani ya taa linakuwa mita nyingi barabarani. Ndo maana mwanga ulikuwa kwenye miti.

Hapa niwaombe kitu kimoja, msisome maboksi kama mnasoma katiba. Duka moja la spea nililopita mjini walikuwa na LED imeandikwa 200W kwa kila globu, na muuzaji anaapa. Piga hesabu mwenyewe, 200 gawanya kwa 12 ni karibu ampea 17 kwa globu moja, na fyuzi za taa kwenye gari zetu hizi mara nyingi ni za 10 au 15, ingekuwa kweli fyuzi isingedumu. Halojeni ya H4 yenyewe kwa vipimo vyake inatoa kama lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1000 kwenye dimu na 1650 kwenye fulu, na zenoni orijino ya D2S, zile taa nyeupe za gesi, inatoa 3200, kwa hiyo ukikuta boksi limeandikwa lumeni 40,000 jua unauziwa maneno. Kitu kingine ni Kelvini, wauzaji wengi wanakwambia 6000K ni kali kuliko 4300K, hapana, Kelvini ni rangi tu. Halojeni iko kwenye 3200 hivi, unjano wa jua la jioni, ukipanda juu unaenda kwenye weupe halafu bluu. Zile halojeni zilizopakwa bluu ili gari isionekane ya zamani ndo mbaya kabisa, rangi ile inakula mwanga wako mwenyewe.

Sasa kilichonifurahisha zaidi kwa huyu fundi ni kwamba hakukimbilia kuchomeka globu mpya akachukua hela. Alichukua mita akapima kwanza. Gari inanguruma, taa zimewashwa, kwenye betri inasoma volti 14.1, kwenye soketi ya taa inasoma 12.3. Hizo karibu volti mbili zimeliwa njiani na waya zilizochoka na swichi ya usukani ya miaka mingi. Na halojeni haisamehe kwenye volti, ukipunguza asilimia 10 tu mwanga unashuka karibu asilimia 30, kwa hiyo kuna watu wanabadilisha globu kila siku wakati ugonjwa uko kwenye waya. Dawa yake ni rilei mbili, moja ya dimu moja ya fulu, waya nene kutoka betri kupitia fyuzi moja kwa moja mpaka kwenye taa, swichi ya zamani inabaki kuamrisha rilei tu haibebi mzigo tena. Muulize fundi wako kabla hajagusa: Toyota nyingi za H4 swichi inakata upande wa hasi, sio chanya kama wengi walivyozoea, asiyejua hilo anafunga mpaka taa zinachanganyikiwa na ile taa ya bluu ya fulu kwenye dashibodi haifanyi kazi sawasawa. Huyu wa Kizota analijua, alifunga ikakubali palepale.

Globu alizoweka ni Osram za kawaida, 18,000 kila moja. Philips nazo alikuwa nazo, bei inakaribiana. Kuna zile za mwanga wa ziada za kampuni hizohizo, zinaangaza kweli mbali zaidi, ila waya wake unafanyishwa kazi ngumu zaidi na zinakufa mapema, mi nikaona kwa gari ya kazi hapana. Angalia kwenye kitako kuwe na alama ya E ndani ya duara na namba, E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, kama hakuna alama yoyote iache. Na kioo kisiguswe kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaacha doa, doa linapata moto kuliko sehemu nyingine, globu inapasuka au inaungua kabla ya wakati. Ukiigusa bahati mbaya futa na spiriti. Akikwambia mtu weka 100/90W kataa kabisa, moto wake unayeyusha soketi na kuchoma reflekta.

Lenzi zilikuwa za njano kwa jua, akasugua na msasa wa maji kuanzia 800 mpaka 3000, akapolishi, akapaka kilinda jua juu. Nusu saa hivi, kazi safi, bila kile cha kulinda jua njano inarudi.

Kuseta ndo kitu mafundi wengi hawafanyi. Alisubiri magharibi, akasimamisha gari sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, tairi zimejaa upepo sawasawa, akanikalisha kwenye usukani ili uzito uwe wa kawaida. Akapima kwa futi urefu kutoka chini mpaka katikati ya taa, akauhamishia ukutani kwa chaki, halafu akachora mstari mwingine sentimita 10 chini yake, huo wa chini ndo mwisho wa mwanga wa dimu. Na bisibisi akawa anazungusha skrubu za nyuma ya taa mpaka mkato, pale mwanga unapoishia juu, ukakaa kwenye mstari, upande wa kushoto unapanda kidogo kumulika pembeni ya barabara, maana sisi tunaendesha kushoto na taa za Japani ziko hivyo tayari. Tofauti niliiona siku hiyo hiyo narudi Nkuhungu, ila uhakika nimeupata njia ya Mtera kwenda Iringa, ng'ombe wamelala pembeni nawaona mapema na hakuna hata lori moja lililonipiga fulu.

Haya yote ni ya H4 na reflekta. Kama una Crown au Mark X iliyokuja na zenoni yake na projekta (taa yenye lenzi ya duara ndani), hiyo ni habari nyingine, usibadilishe kitu, nunua globu ya namba ileile iliyoandikwa kwenye kitako, D2S ni D2S na D4S ni D4S haziingiliani, na mwachie fundi, ile balasti, kiboksi kinachoiwasha zenoni, wakati wa kuwasha inatoa volti zaidi ya 20,000. Mwenye globu za aina nyingine kama H7, H11 au HB4 naye asome kitako kwanza kabla hajatoa hela.

Yanayokera sasa. Foleni ni ndefu na hana utaratibu wa namba, anayejuana naye anapita mbele, hilo nilimwambia usoni. Globu hatoi garantii, anakupa tu zile za zamani uondoke nazo. Na kwa sababu ya kuseta lazima uwepo mpaka giza liingie, mtu wa Mpwapwa au Kondoa ajipange kulala mjini au apige simu kabla ampangie siku. Ukibeba mzigo mzito nyuma, taa zinanyanyuka, kwa hiyo wa Kibaigwa mnaopakia mahindi mwambieni mapema, anaseta gari ikiwa na mzigo wake.