Darasa la mkakati kwa wenye biashara ndogo hapa Mombasa: mimi nasema nendeni

Watu wa Kongowea na Mwembe Tayari mmeniuliza sana inbox kuhusu hili darasa la Jumamosi la mkakati wa biashara, sasa wacha niandike hapa mara moja manake kujibu mmoja mmoja siwezi. Ni Tudor, 4,500 na chai ndani, na mwalimu ni mtu wa hapahapa aliyewahi kuwa na duka lake, kwa hivo ukimwambia kodi imepanda ama wateja wanakopa hawalipi anakuelewa bila kumchorea.

Nililolipenda zaidi ni vile lilivoanza. Tuliambiwa tuje na daftari la biashara, lile lile la mauzo na madeni, halafu kila mtu aandike yote aliyoyafanya dukani wiki iliyopita. Nilikaa na mama mmoja anauza mbaazi na mahamri Majengo. Karatasi yake: nimeshusha chapati kutoka 20 hadi 15, nimepost status, nimebadilisha meza, nimepika pilau ya mchana ikabaki, nimemkopesha dereva. Yaani kazi tele, huyu mama hakai chini! Mwalimu akamuuliza, "Mamangu, wewe walisha nani hasa?" Akajibu yeyote mwenye njaa. "Na ni nani ambaye akikosa kuja siku mbili tatu wewe mwenyewe utampigia simu?" Akafikiria weee, akasema madereva wa tuktuk wa alfajiri.

Sasa hapo mambo yakafunguka. Kama watu wako ni hao madereva basi saa kumi na moja uwe ushafungua, chakula kiwe kwa mfuko mtu ale akingoja abiria, till namba ya kulipia kwa M-Pesa iandikwe kubwa aione bila kushuka, na ile pilau inayobaki kila siku iachwe. Kuamua ni dereva wa alfajiri, na kukubali kuacha pilau, huo ndio mkakati. Mfuko, till, status, bei ya chapati, hizo zote ni mbinu za kila siku na unaweza kuzibadilisha hata kesho. Wengi wetu tunashusha bei tu hatujui tunamshushia nani, halafu mwisho wa mwezi tunashangaa mauzo yako juu na pesa ya kodi haipo.

Mifano yake pia ilikuwa ya kwetu. Alitoa wa malori, 2019 serikali ilipotaka mizigo ya Nairobi ipande treni ya SGR kwa lazima. Wenye malori na makampuni ya clearing, yale ya kutoa mizigo bandarini, hapa mjini mnakumbuka ilivouma, na amri yenyewe ikaondolewa 2022. Akauliza, mwenye lori angepunguza bei ya safari ingemsaidia nini wakati mzigo wenyewe umechukuliwa? Pale swali lilikuwa nibebe mzigo gani mwengine, kwa nani, njia ipi, na hilo bei haiwezi kukujibia. Akataja na M-Pesa ilivoanza 2007 na jambo moja tu la kutuma pesa nyumbani, haya ya kulipia dukani na mikopo yalikuja baadaye.

Kasoro zipo na nazisema manake nataka hili darasa lidumu. Saa ya mwisho ilikuwa slaidi za Kizungu na maboksi na mishale, akamtaja Michael Porter, profesa wa biashara wa Harvard, kwamba kazi kubwa ya mkakati ni kuchagua lipi hutafanya, na ni neno la maana sana lakini kina mama wa nyuma walikuwa washaachwa zamani. Lisemwe kwa Kiswahili, yule mama wa pilau atalielewa kuliko sisi sote.

La pili ndilo kubwa. Ukitoka pale hakuna anayekufuata. Mtu ameamua kuacha kitu, akirudi dukani siku ya kwanza anakuja mteja wa zamani anakitaka kile kile, mkono unarudi wenyewe, na hapo ndipo anahitaji mtu wa kumuuliza mbona umerudi. Wangeweka hata kikao cha saa moja baada ya mwezi, tuje na daftari tena, mimi ningelipa juu yake na najua wengi wangelipa.

Ukienda bebeni daftari la kweli lenye madeni yake yote, usiandike jipya la kupendeza. Na fikeni mapema, viti vya mbele karibu na feni vinaisha haraka.