Klampu mita ya bei nafuu: uhariri chipu yake au ununue kubwa zaidi?

Mafundi wa Mtwara na Masasi hubishana sana juu ya UNI-T UT210E, klampu mita ndogo inayopima mkondo kwa kuukumbatia waya kwa taya zake: waihariri au wanunue kubwa? Ndani yake mna chipu ya kumbukumbu 24C02 yenye baiti 256. Ukiihariri kwa programa ya CH341A (kifaa cha kusoma na kuandika chipu kwa kompyuta), kioo ambacho namba yake kubwa ni 1999 kinafika 5999, na unaongeza muda wa kujizima na wa taa.

Kwa gharama, kuhariri kunashinda: unahitaji programa na kibanio cha kushika miguu 8 ya chipu tu. Kwa uhakika, hapana. Chipu hiyo hiyo inabeba namba za kalibresheni (marekebisho ya usahihi) ya mita yako, kwa hiyo faili la mwenzako litakupa vipimo vya uongo. Toa betri, soma mara mbili, linganisha mafaili, hifadhi nakala, kisha hariri baiti chache tu. Usomaji ukitofautiana, huenda kibanio kinaupa umeme ubao mzima na chipu kuu inaingilia mawasiliano. Hapo yeyusha lehemu, toa chipu uisomee nje ya ubao.

Friji ya samaki inayovuta ampea 3.45 sasa itasomeka 3.456. Tarakimu imeongezeka, usahihi ni ule ule, na taya bado ni za ampea 100.

Matunzo? Hewa ya chumvi ya Mikindani inakula viunganishi vya mita zote mbili, iliyohaririwa na kubwa.

Anayefunga sola majumbani, mita iliyohaririwa inamtosha. Wa mota za kubangulia korosho, zenye mkondo mkubwa na nyaya nene, anunue ya taya pana.