Goti linalosagika: upunguze chakula au uanze mazoezi?

Kwa hesabu ya kilo, chakula kinashinda wazi. Katika utafiti wa IDEA, uliofanyika Marekani kwa miezi 18 kwa watu wenye uzito mkubwa na magoti yanayosagika, waliobadili mlo walipungua karibu kilo 9. Waliofanya mazoezi tu hawakufika 2. Na kila kilo inayotoka hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua.

Tatizo la mlo peke yake ni kwamba misuli nayo hupungua, hata ile ya mbele ya paja inayoshikilia goti. Na katika utafiti huo, waliochanganya vyote viwili walipata nafuu zaidi. Zoezi la kuimarisha paja: kaa kitini, nyoosha mguu, hesabu hadi 5, shusha polepole, mara 10. Maumivu yakilala nawe hadi kesho yake, umezidisha: punguza idadi, usiache.