Stesheni ya Mlimba: tathmini ya msafiri aliyeshuka mara tatu

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, aghalabu hufika Mlimba, kwenye bonde la Kilombero, usiku, na asiyeijua stesheni hii huamshwa na sauti za watu kabla hajaliona jengo lenyewe. Mianga ya tochi hupita chini ya madirisha, sinia la samaki wa kukaanga huinuliwa hadi usawa wa uso wake, na mama mmoja humuuliza kama anachukua mkungu mzima au kichane. Nimeshuka hapo mara tatu, na mara ya mwisho nilikaa siku mbili. Anayeipima stesheni hii kwa saa ya kufika treni peke yake ataikadiria chini kuliko inavyostahili, kwa sababu kazi yake kubwa ni mizigo ya watu wadogo.

Mahali ilipo hapakuchaguliwa kwa bahati. Baada ya walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kupeleka shaba yake baharini bila kupita kwao. Tanzania, Zambia na China zikatia saini makubaliano mwaka 1967, na ujenzi ukaanza Oktoba 1970. Kufikia Novemba 1971 kipande cha kwanza, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam, kilikuwa kimefika Mlimba. Hapo kasi ilikatika, maana mbele bonde la Kilombero linakwisha na milima inaanza. Kilomita 157 za kupanda hadi Makambako zilidai mahandaki 18 na madaraja 46, likiwamo la Mto Mpanga linalosimama juu ya nguzo zenye urefu wa takriban meta 50. Reli nzima, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Enzi za vijiji vya ujamaa watu wengi walihamishiwa kandokando ya reli, na hilo husaidia kueleza kwa nini makazi na mashamba ya upande huu yameifuata njia ya treni.

Nikirudi kwenye huduma, kinachonivutia zaidi ni upande wa vifurushi. Asubuhi ya siku ya treni nilikaa pale nikitazama viroba vya mchele vikiletwa kwa baiskeli na bodaboda, kila kimoja kikiwekwa juu ya mizani, uzito ukitajwa kwa sauti na kuandikwa, kisha jina la mpokeaji likichorwa ubavuni kwa kalamu nzito. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa na kiroba kimoja tu na mikungu miwili ya ndizi iliyofungwa kwa majani yake makavu, na alihudumiwa kwa zamu yake, nyuma ya mfanyabiashara mwenye viroba kumi na viwili na mbele ya kijana aliyekuwa na godoro. Mimi nilipakia kilo ishirini za mchele, nikapewa risiti, nao ulifika Dar es Salaam mkavu na bila kupungua. Kwa mtu mwenye kiroba kimoja, hiyo ndiyo huduma yenyewe: asilazimike kukodi gari, wala kumuuzia dalali shambani kwa bei anayoitaka dalali.

Umuhimu huo niliuelewa vizuri zaidi safari ya pili, nilipojifanya mjanja nikapanda basi kutoka Ifakara wakati wa masika. Kampuni sitaitaja. Tulinasa kwenye tope kwa saa nne, tukashuka kusukuma, na kondakta akatudai nauli ya ziada ya mizigo tukiwa bado tumesimama kwenye maji.

Kwa watu wa bonde, treni inayozungumzwa zaidi si ile ya masafa marefu bali kipisi, yaani treni fupi inayotembea kati ya Kidatu na Makambako na kusimama karibu kila mahali. Ndiyo inayompeleka mkulima wa Chita au Mngeta sokoni, na ndiyo ningemshauri mgeni aipande, kwa kuwa hupita milimani mchana. Anayepanda treni ya kawaida usiku hulala wakati wa mahandaki yote 18 na kuamka ameshayapita. Ni yule tu ambaye treni yake imechelewa sana anayepata kuyaona, na sina hakika kama alipe zaidi au arudishiwe fedha.

Kuchelewa huko ni sifa ya njia nzima, inajulikana kuanzia Dar es Salaam hadi Zambia, na mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba na kampuni ya China wa kuikarabati reli kwa zaidi ya dola bilioni moja. Hadi kazi hiyo itakapoonekana, usipange kikao wala harusi kesho yake. Ulizia ratiba dirishani, kisha uliza tena siku yenyewe, kwa sababu ratiba hubadilika. Anayetaka kulala achague behewa la daraja la kwanza, lenye vitanda vinne kwa chumba, au la pili lenye sita. Wanawake na wanaume hupangwa vyumba tofauti, isipokuwa familia ikilipia chumba kizima. Katika treni ya masafa marefu lipo behewa la chakula, lakini ukipita Mlimba bila kununua samaki dirishani umejinyima mwenyewe. Uwe na noti ndogondogo mkononi, kwa sababu treni ikishapiga honi muuzaji hana muda wa kutafuta chenji, na nimeshaona zaidi ya mara moja mtu akibaki na samaki wake na mama akikimbia sambamba na behewa, noti ya elfu kumi mkononi, akimrushia mwenyewe chenji yake kupitia dirishani.